Nimehifadhi Zote, Baba

Al Wukair, Jumamosi, alasiri. Upepo wa vumbi umevuma tangu asubuhi na jengo la jirani limebaki kivuli tu. Nimefunga madirisha yote, lakini vumbi lipo mezani, lipo kwenye kikombe, lipo hapa ninapoandika. Sina hamu ya chai.

Nimesalitiwa.

Neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Nilifundisha Kiswahili Voi kwa maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumruhusu mwanafunzi kutumia neno kubwa mahali ambapo dogo lingetosha. Nilijaribu "nimeudhiwa", halikutosha. Nilijaribu "nimedanganywa", nalo ni kweli, lakini mtu hudanganywa hata na muuza nyanya. Kusalitiwa huhitaji mtu wa nyumbani.

Mtu huyo ni binti yangu, Wakesho. Ni muuguzi hapa Doha, nami ninaishi kwake tangu mama yake alipofariki.

Mke wangu alikuwa na kamera ndogo aliyoinunua uzeeni, na hakumruhusu mtu mwingine kuishika, hata mimi. Alipiga picha za vitu ambavyo watu wengine hawavipigi picha: birika likichemka, nguo za jirani kwenye kamba, mbuzi aliyepanda juu ya paa la choo cha shule, mimi nikiwa nimelala na gazeti kifuani. Nyingi zilikuwa na kidole gumba chake pembeni. Yeye mwenyewe hayumo katika hata moja. Ndiyo maana nilizipenda kuliko zile za harusini ambamo amesimama akitabasamu. Nilipozitazama nilikuwa nimesimama pale alipokuwa amesimama, nikikiona alichokiona. Hakuna njia nyingine iliyobaki ya kusimama hapo.

Picha hizo zilikuwa ndani ya kompyuta yangu, niliyokuja nayo kutoka Voi nikiwa nimeipakata ndegeni. Kadi ya kamera ilikuwa imeharibika zamani. Mwaka huu, tulipokuwa tukijiandaa kuhama mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kuja huku, Wakesho alisema kompyuta ile imekuwa nzito na mimi siitumii tena kwa sababu ya macho. Musoke, kijana wa Uganda aliyekuwa mlinzi wa jengo letu la zamani, alikuwa ameanza masomo na hakuwa na kompyuta. Nilifurahi kumpa. Sharti langu lilikuwa moja: kila kilichomo kinakiliwe kwanza. Wakesho akanunua diski ya nje, kidude kisichozidi kipande cha sabuni. Kisha kompyuta ingepelekwa dukani ifutwe na kuwekewa programu mpya.

Kabla haijatoka nyumbani nilimuuliza kama amezihifadhi picha za mama yake.

"Nimehifadhi zote, Baba."

Sikuuliza zaidi. Kiambishi "-me-" hakimwachii mtu la kuuliza. Tendo limekamilika na matokeo yake yapo. Ukisema nimefunga mlango, mlango huo unapaswa kunikatalia nikiusukuma. Wakesho alijifunza hilo kwangu, darasani kwangu, akiwa ameketi dawati la mbele kwa amri yangu.

Kompyuta ikafutwa. Musoke akaichukua, akanishukuru mpaka nikaona haya.

Tukakubaliana kwamba kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, Wakesho atanitumia kwenye simu picha moja kutoka kwenye diski, niitazame kabla ya kwenda kanisani. Ya kwanza ilimwonyesha mke wangu katika sare ya kwaya. Nyingine ilimwonyesha amembeba mtoto wa dada yake. Ijumaa baada ya Ijumaa zikaja, picha nzuri, uso wake katikati, hakuna kidole. Nakiri kwamba nilifurahi. Nakiri pia kwamba ilinichukua muda mrefu mno kuuliza swali nililokuwa nikimuuliza mtoto wa kidato cha kwanza: mtenda ni nani?

Nani aliyezipiga picha hizi?

Swali lilinijia jana jioni, nikiwa tayari nimevaa koti la kwenda kanisani. Katika picha ya jana mke wangu anakata keki kwenye harusi ya mpwa wetu. Kamera yake alikuwa akiishika yeye. Basi hii ilitoka wapi?

Wakesho alikuwa kazini. Aliporudi leo asubuhi kutoka zamu ya usiku, nilimwomba anionyeshe picha ya mbuzi juu ya paa. Alisema, "Ipo, Baba, nitaitafuta." Nikasema tuitafute pamoja, alete diski sasa hivi. Alisimama pale mlangoni, mkoba begani, viatu vya kazini miguuni. Kisha akaketi.

Alinieleza yote bila kuniangalia. Siku ile alikuwa ameanza kunakili, akapigiwa simu kwamba mwenzake ni mgonjwa na zamu haina mtu. Akaikatiza kazi akijua atarudi kuimalizia. Hakurudi kuimalizia. Kulikuwa na maboksi ya kufunga, magodoro ya kushusha, kazi, usingizi. Alipoifungua diski katika nyumba hii mpya alikuta kilichonakiliwa ni folda moja tu. Mashine ilifuata alfabeti. Iliimaliza folda ya Andalio la Masomo, ikasimamishwa, haikufika hata kwenye Barua, sembuse Picha.

Maandalio yangu ya masomo yako salama. Yote. Sarufi ya kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne.

Alikwenda kwa Musoke, wakaipeleka ile kompyuta kwa mafundi wawili, na wote wawili wakasema kilichofutwa kimekwisha kuandikiwa juu yake na hakirudi. Hivyo Musoke alijua. Sasa ninaelewa kwa nini, nilipokutana naye nje ya kanisa miezi iliyopita, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Mwalimu, pole sana kwa hiyo mambo ya mama."

Nilidhani ananipa pole ya msiba.

"Mambo hayo," nikamwambia.

Akacheka. "Haya, Mwalimu. Hayo mambo." Nami nikaenda zangu nikiwa nimeridhika na upatanisho wa kisarufi.

Picha za Ijumaa Wakesho aliziomba kwa shangazi zake, kwa binamu zake, kwa wanakwaya wa Voi. Alimwandikia kila mmoja na kila mmoja aliambiwa sababu. Ukoo mzima ulijua kwamba picha za mke wangu zimepotea, isipokuwa mimi. Dada yangu alinipigia simu wiki iliyopita, tukazungumza kuhusu bei ya unga na goti lake, na alikuwa anajua.

Nilimuuliza Wakesho swali moja tu: kwa nini alisema "nimehifadhi".

"Si ndivyo watu husema, Baba?" Alikuwa amechoka, na machozi yalikuwa yameanza. "Mtu akikuuliza uko wapi unamwambia nimefika, na bado unatafuta kiatu chini ya kitanda. Kila mtu anajua. Ni wewe peke yako unayesimama getini ukimngoja mtu aliyesema amefika."

Ni kweli, mimi husimama getini.

Lakini nimekaa na jambo hili tangu asubuhi, na ninataka nijitendee haki mimi pamoja naye. Neno lile la kwanza ninaweza kulisamehe. Lilisemwa kwa haraka na mtu aliyekusudia kulitimiza jioni. Kinachoniuma ni zile Ijumaa. Mtu mwingine angeuita huo upendo: binti anazunguka kwa simu akikusanya picha za mama yake ili baba asiumie. Huenda ni upendo. Hata hivyo, kuna msiba ulionipata miezi iliyopita na sikupewa nafasi ya kuulilia. Nilikuwa nikivaa koti na kutabasamu. Watu walinitazama nikitabasamu, wakajua, wakanyamaza.

Ningekuwa mtu wa kuvunjika vipande, ningeelewa. Nilimzika mke wangu nikiwa nimesimama wima. Nani aliwaambia kwamba siwezi kusimama kwa ajili ya picha?

Na zilikuwa zaidi ya picha. Zilikuwa mahali pake pa kusimama.

Kabla hajaenda kulala alikuja akapiga magoti kando ya kiti changu, jambo ambalo hajalifanya tangu utotoni. Aliuliza, "Umenisamehe, Baba?"

Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, mfuko mmoja baada ya mwingine.

"Bado," nikasema.

Alininyanyulia macho. Ni mwanafunzi wangu, hata kama hapendi kukumbushwa. Anajua kwamba "bado" hufuatwa na "sijakusamehe", na kwamba kati ya "sijakusamehe" na "sikukusamehe" kuna herufi chache na umbali mkubwa sana. Alitikisa kichwa kukubali, akanishika goti, akaenda kunawa uso.

Sasa amelala. Nimezima redio na ninaandika bila kusogeza kiti ili asiamke.

Ningeweza kusema neno alilolitaka. Lingetoka kirahisi, tungekunywa chai, vumbi likiendelea na kazi yake huko nje. Watu hulisema kila siku na hakuna anayewadai. Lakini nikilisema leo nitakuwa nimempa folda tupu yenye jina zuri, na siku atakayoifungua ataikuta hivyo. Afadhali angoje. Afadhali tungoje wote wawili, ingawa katika umri wangu kungoja si jambo la kuchezea.

Je, nitafika? Sijui. Ninajua tu kwamba siku nitakapolitamka litakuwa limekwisha kutendeka.

Kesho anaingia zamu ya asubuhi. Nitaamka kabla yake nimpikie uji wa wimbi, na nitaketi naye mezani mpaka amalize. Hayo ninaweza kuyaahidi.