Kuku wa Mchango Wamefungwa Nyuma ya Kompyuta

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada maana kichwa kimenijaa. Nina kibanda cha intaneti hapa Shelui, nilikifungua soko huria lilipotuambia kila mtu ajitafutie, na miaka yote tumetumia kivinjari cha bure, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, kilichotengenezwa na watu wanaojitolea wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na juu yake niliweka nyongeza ndogo ya kuhifadhi kurasa, ili laini ikikatika, na hapa hukatika kila siku, dereva wa lori aendelee kusoma gazeti lake na mama mkwe wangu asomewe barua pepe za mwanawe aliye Mwanza. Juzi nikakubali toleo jipya la kivinjari, nyongeza ikafa hapo hapo! Wenye kivinjari wameandika kwenye ukurasa wao kwamba wanaomba michango, basi nikaelewa kama tunavyoelewa sisi, nikaunda kamati, mwenyekiti mimi, nikatangaza kwamba tukichanga nyongeza itarudi. Watu wakauliza nani anaoa, lakini wakatoa, huyu fedha, huyu mafuta ya alizeti, huyu kuku, na mama mkwe akaleta tetea wake anayetaga. Nilipowaandikia wenye kivinjari wakajibu kwa upole kwamba mchango ni wa kivinjari, nyongeza aliitengeneza mtu mwingine, yule ambaye jina na anwani yake vipo kwenye kioo cha kompyuta yangu miaka yote, na wao hawawezi kuahidi kwa niaba yake. Sasa nikituma nimewadanganya watu, nisipotuma nimekula mchango, mume wangu Urbano anasema tuwachinje kuku yaishe, na mama mkwe kila akija anauliza, "Wale watu wako wamesemaje, mwanangu?" nami nageuza maneno. Je, mimi ni mwizi?

Febronia, Shelui

Marahaba, Febronia. Mwizi bado hujawa, ila ukiendelea kumgeuzia maneno mama mkwe utafika. Pole, lakini hebu niambie, kamati gani inapokea kuku kabla ya kumjua bwana harusi?

Itisha kikao leo. Sema wazi kwamba ulielewa vibaya, kila mtu achukue chake, na anayetaka kukichangia kivinjari chenyewe aseme kwa mdomo wake. Usiwavunje moyo, kwani wanaokitengeneza nao wanakula, na wakichoka mtabaki na kile cha kampuni kubwa kisichomuuliza mtu anataka nini. Tetea mrudishe mwenyewe, pamoja na mayai aliyotaga kwako. Urbano mpikie mboga ya mlenda.

Kisha kuna huyo mwenye nyongeza. Umewaandikia wenye kivinjari, umeniandikia mimi, yeye hujamwandikia hata mstari mmoja. Huenda aliacha kwa kudhani hakuna anayeitumia. Mweleze habari za madereva na za mama mkwe, ndipo umwulize kama ataitengeneza au atamwachia mwingine aiendeleze. Na uanze kwa salamu, Febronia. Miaka yote hiyo mmekula kazi yake, na Shelui nzima hakuna aliyewahi kumsalimia.