Sekunde Tisa za Adela

Hollywood, California
9 Machi 1937

Mpendwa shemeji Cora,

Pokea salamu zetu. Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi hiyo ya Nebraska? Sisi wawili huku miili ni mizima. Nell ameng'oka jino la mbele, na kila asubuhi ananicheka ninavyohangaika kumsuka nywele.

Nina neno la kukwambia kabla hujalikuta mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 19, kabla ya filamu kuu, ukumbi wenu utaonyesha filamu fupi ya nyimbo, ya wageni wanaotembezwa ndani ya studio yetu. Wakiingia chumba cha washonaji mtamwona marehemu mdogo wako, Adela wangu. Yuko meza ya pili kushoto, utepe wa kupimia shingoni. Ni sekunde tisa tu, nimezihesabu.

Ilipigwa Oktoba, wiki tano kabla ya homa ya mapafu kumchukua. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nimeshika taa. Kazi yetu ndivyo ilivyo: wimbo hurekodiwa kwanza na waimbaji wengine, kisha siku ya picha santuri inawekwa, na walio mbele ya kamera wanachezesha midomo. Kwa hiyo sauti mtakayoisikia si yake. Mwambie Mama mapema. Nell aliniuliza ukumbini, watu wakageuka, "Baba, mbona Mama ana sauti ya mtu mwingine?"

Tuliitazama mara saba, na wiki iliyopita ikaondolewa kwenye ukumbi wa huku. Nikamwendea Rudy wa chumba cha kukatia filamu, nimwombe kile kipande tu.

"Emmett, kaka, ingekuwa yangu ningekukatia hata futi mia," akasema. "Hii ya wakubwa. Na wakubwa unawajua."

Nawajua. Nilipanda ofisini kwao, wakanipa fomu, fomu ikarudi na muhuri wa kukataa. Miaka kumi na moja nawabebea taa watu hawa, na sekunde tisa za mke wangu zinapita mji hadi mji kama mali ya dukani. Nina hasira, Cora, na sijui niipeleke wapi. Mnyonge hana haki, walisema wa kale, nami nilidhani wanatia chumvi.

Ombi langu ni moja. Kaeni safu ya mbele, mtazame midomo yake. Adela hakuwahi kuukariri wimbo ule. Wenzake wakifika ubeti wa pili, yeye ananitazama mimi pale nyuma ya taa, na midomo inasema, "Emmett, umekula?"

Nilimwitikia kwa kichwa kwamba nimekula. Nilikuwa sijala.

Msalimie Mama, Orrin na watoto wote. Mungu awape joto na uzima mpaka theluji iyeyuke.

Ni mimi shemeji yako, niwapendaye daima,
Emmett