Mkono Ndani ya Mzinga

Mjukuu wangu Tatu,

Huku Nsemulwa hatujambo, na bibi yako bado anauliza kama huko ng'ambo unakosomea udaktari unapata ugali. Umeniuliza: kwa kansa yangu hii ya utumbo mpana, kama ningekuwa huko, ningechagua daktari anayeshika vyuma vya kupasulia mwenyewe kupitia matundu madogo tumboni, au roboti mnayoijaribu nyie, inayovishika kwa niaba yake?

Nilipokuwa kijana, baba alirina asali kwa kuingiza mkono mtupu mzingani. Mimi niliogopa kuumwa, nikafunga kisu kwenye fimbo ndefu. Kisu kiliingia vizuri sana. Kumbe nilikata masega ya watoto wa nyuki, na nyuki wote wakahama. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Sega la watoto lina joto. Fimbo ingekuambiaje?"

Basi waulize walimu wako kama roboti yao inasikia joto. Ikisikia, mimi sina neno.

Hapa nitapasuliwa Jumanne kwa kisu cha kawaida, na kovu litakuwa refu. Daktari aliponisalimia niliushikilia mkono wake kidogo, akacheka. Usilie huko, Tatu. Mkono ule una joto.

Babu yako