Kukata Neno Refu

Grimsby, 4 Machi 1987

Mwanangu Hilary,

Hujambo? Mimi mzima, ila baridi ya gatini bado inaniingia magotini. Mwandiko huu ni wa jirani yetu Edna, kwa sababu mimi, mwanangu, sijui kusoma. Miaka thelathini na minne mama yako alinisomea kila kitu, hata kadi zako, akanifichia aibu hiyo mpaka kaburini. (Edna anasema ningesema zamani. Usimjali.)

Kwenye kopo la biskuti kuna barua zake za hospitali. Alinisomea akasema ni upungufu wa damu tu. Miezi mitano baadaye tukamzika. Sitaki Edna anisomee. Nifundishe, nizisome mwenyewe.

Baba yako, Wilf

Carlisle, 20 Machi

Baba mpendwa,

Magoti yanaendeleaje? Nimelia, kisha nikacheka: kumbe ndiyo maana kila tukienda hotelini na Mama uliagiza "kama cha Doreen" bila kufungua menyu!

Neno refu usilimeze zima. Weka mkono chini ya kidevu, ulitamke polepole. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi. Kisha likate kama unavyokata samaki kazini: kichwa, mkia, halafu mnofu. Unbreakable: un inakana, able ni kuwezekana, katikati break, kuvunja. Kisichovunjika. Kichwa kingine cha kukana ni in. Ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani.

Anza na magazeti. Zile za hospitali zichome tu, zitakuumiza bure.

Binti yako, Hilary

Grimsby, 9 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Naandika mimi; Edna amenifunza herufi kwa magazeti. Barua moja ya hospitali imenilia siku nne. Ni ya Agosti mwaka jana. Kuna neno inoperable. Kidevu kimeshuka mara tano. Kichwa: si. Mkia: yawezekana. Katikati: operesheni. Haiwezekani kumpasua.

Alijua. Alinisomea mezani nikila mayai, sauti haikutetemeka. Chini wameandika alikuja na binti yake.

Baba

Carlisle, 14 Julai

Baba,

Sina uso wa kukusalimu. Nilikuwepo. Mama aliniapisha palepale kwenye korido: "Mwache babako amalize kiangazi chake kwa raha." Nikanyamaza. Kisha nikakufundisha kusoma huku nikiomba usifike kwenye barua ile. Nigombeze, ila niandikie.

Hilary

Grimsby, 30 Septemba

Hilary,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma.

Agosti ile nilikwenda York na wenzangu kutazama mbio za farasi, siku nne. Mama yako alinifungia mkate na jibini akasema, "Nenda tu, Wilf, mimi nitapumzika." Nikaenda nikipiga mluzi. Yeye simlaumu. Wewe ungeniambia, ningebaki nyumbani.

Krismasi hii usije. Ya mwakani tutaona.

Baba