Mrija wa Baba Yako

Athieno, baba yako amekwenda kunywa pombe kwa jirani kwa magongo yake mwenyewe, na amerudi akiimba.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko Nairobi? Huku Paya tu wazima, wimbi tumeshavuna, na ng'ombe wa shangazi yako amezaa.

Uliniuliza kama mtu aliyekatwa mguu anaishi vizuri, au anaishi tu. Nilipokuwa msichana, mjomba wangu alikatwa mguu. Kwa huruma tukawa tunamchotea pombe kwenye kibuyu na kumpelekea chumbani. Kibuyu kilirudi kimejaa. Siku moja mama yangu akachukua mrija mrefu wa mjomba, akauchomeka kwenye chungu cha pombe ambacho wenzake hukizunguka na kunyonya kwa mirija yao, akaacha kiti chake wazi. Mjomba alipoambiwa mrija wake uko huko, alikuja akijikokota, huku akigomba, "Nani anataka kukalia kiti changu?" Pale chunguni wote wameketi, kila mtu na mrija wake. Hakuna anayetazama miguu.

Kwa hiyo baba yako alipotoka hospitalini na mguu mmoja sikumpelekea pombe chumbani. Mrija wake niliupeleka kwa jirani. Shangazi yako akasema, "Mama, una roho ngumu."

"Huyo nilimzaa mimi," nikamjibu.

Baba yako alininunia wiki tatu. Jana akaniomba nimpigie shati pasi. Mwanangu amependeza kuliko wanaume wote wa Paya, wenye miguu miwili nao nimewahesabu.

Zamu ijayo chungu ni chetu, naye ndiye atakayekaribisha watu. Njooni wote, Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi.

Bibi yako