Mgeni wa Mama

Jumatano, 11 Juni 2025

Bibi ameshuka kutoka Mbulu leo! Hakuna aliyemtarajia. Kasikia Jumamosi nafanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, akapanda basi la alfajiri na kibuyu chake cha maziwa. Kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa bila mkubwa wake kumtemea maziwa kifuani na kumsemea maneno mema. Mama kafurahi hadi machozi. Mimi pia nimefurahi — ila nimewaza shati langu jeupe la mtihani. Shetani huyo!

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu Wilbert wa tuisheni ametuaga. Kesho jioni tufunge madaftari, amesema, anayekesha huenda kusinzia juu ya karatasi. Tuandae kalamu, kitambulisho, nguo iliyopigwa pasi. Tule, tulale mapema. Na roho iwe tulivu. Roho iwe tulivu! Utadhani inauzwa sokoni.

Kesho Edda anakuja tupitie maswali ya baiolojia. Hajawahi kufika kwetu hapa Nangara. Kwao Bagara wana sebule ya vigae, wana gari, na Jumamosi baba yake atanipitia. Nimedeki, nimerudia kudeki. Bibi anakaa sakafuni kanyoosha miguu, kanga zake zinanukia moshi. Nikamwomba akae kwenye kochi. Kasema kochi linamtia usingizi.

Ijumaa, 13 Juni, jioni

Nimefanya jambo baya. Niliandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Edda alikuja mchana. Bibi alikuwa pale pale sakafuni, anachambua mchicha. Edda akaninong'oneza, huyu nani? Na huu mdomo wangu — sikuutuma! — ukasema: mgeni wa mama, wa kanisani, amekuja hospitali. Wala sikunong'ona. Mimi na Bibi tangu nizaliwe tunaongea Kiiraqw tu. Nikasahau kabisa kwamba aliuza vitunguu saumu sokoni kwa Kiswahili miaka na miaka, mpaka miguu ilipomchoka.

Edda ana adabu kunishinda. Akapiga goti kidogo: shikamoo, bibi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu," Bibi akamjibu, Kiswahili kimenyooka. "Na mimi ni mgeni tu hapa."

Hakuniangalia. Akaendelea na mchicha wake.

Baiolojia gani tena? Edda anasoma, mimi naitikia mh, mh. Nilitamani ardhi ipasuke. Alipoondoka nikamfuata Bibi jikoni. Nikasema, Bibi... Akasema, kula, kesho una kazi. Nikala. Mama aliporudi kutoka Bonga akauliza mbona nyumba imepoa hivi. Bibi akasema ni baridi ya Juni. Hakunisema! Afadhali angenisema. Afadhali hata angenichapa na mwiko.

Kisha Mama akaleta kibuyu. Akamwambia Bibi: Mama, mbariki mtoto sasa hivi, asubuhi tutakuwa na haraka. Bibi akakipokea, akakipakata. Kesho, alisema. Mama alipokwenda kuoga, Bibi akanigeukia. Akasema taratibu, na kwa Kiswahili, kile kile alichomjibia Edda:

"Mgeni habariki mtoto wa watu. Kamwite bibi yako."

Kalamu zipo. Kitambulisho kipo. Shati limenyooka, liko kwenye henga. Yote ya Mwalimu Wilbert nimetimiza. Nina aibu mpaka masikio yanawaka. Naona aibu hata kusali.

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi

Nimelala kidogo sana. Bibi kaamka kabla yangu. Nimemkuta uani, kibuyu magotini, bado kimezibwa. Nimempigia magoti pale pale kwenye vumbi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya Kiiraqw, yakaniishia. Nimesema tu nisamehe.

Kanisikiliza hadi mwisho. Kasema amenisamehe tangu jana, mimi ni damu yake. Lakini kubariki ni jambo jingine. Mwenye donge moyoni akikutemea maziwa, anakutemea na hilo donge. Na kilichoharibiwa mbele ya mtu, kasema, hakitengenezwi uani mko wawili.

Nimeelewa. Heri nisingeelewa!

Nimeingia kuvaa. Naandika nimesimama.

Honi! Wamefika mapema. Edda anaita, Anjela, twende, baba ana haraka. Baba yake naye kashuka garini, namsikia anasalimiana na Mama getini. Mama anawakaribisha ndani. Mungu wangu. Jana alikuwa mtu mmoja, leo ni wote, na Mama atajua.

Bibi kachungulia chumbani. Kauliza kwa upole, upole unaoua:

"Wenzako wamefika. Nijifungie humu mpaka muondoke?"

Hapana, Bibi. Njoo na kibuyu, mbele yao.

Yuko nyuma yangu. Sijui kama atakizibua. Mwandiko gani huu! Edda anabisha hodi mlango wa sebuleni. Nimefungua vifungo vya juu vya shati. Naenda kuufungua mlango