Fuvu la Kwenye Skrini

Mwenzangu, uko wapi? Naandika haraka haraka, nikikosea usinicheke.

Unakumbuka nilivyokwambia profesa kanilaza kwenye ile mashine ya kupiga picha mifupa? Alitaka kichwa cha mtu wa leo, akilinganishe na lile fuvu la kale walilofukua.

Sasa leo kaja na wageni. Kaweka fuvu kwenye skrini, analigeuza taratibu, akawaonyesha vitundu nyuma ya sikio.

"Mnaona? Ugonjwa ulishaula mfupa. Huyu hakumaliza mwaka."

Na mimi nimesimama pale naitikia kwa kichwa, eti mjuzi!

Mgeni mmoja akauliza, "Kumbe watu wa kale nao walikuwa wanaziba meno?"

Profesa akaacha kuligeuza.

Nikatazama. Jino la mwisho, juu kulia, limezibwa linang'aa. Lile lile ulilonisindikiza kuziba, nikalia njia nzima.

Jamani, alifungua picha yangu. YANGU.

"Huyu hakumaliza mwaka." Kwa mdomo wake, mbele ya watu.

Akazima skrini. Unamjua yule mzee, tangu nianze kazi ananiita "wewe". Leo kanishika bega polepole: "Mwanangu, njoo ukae."